Jani Katika Rejeta

Mtu alikuwa ameandika neno moja kwa kidole kwenye jalidi iliyotanda mlango wa gereji: MAJI. Fundi Oiva Kestilä alimweleza Inspekta Hilkka Naskali kwamba jana alilifuta, juzi pia alilifuta, na kila akiamka analikuta limeandikwa upya. Leo ameamua kumwachia mwandishi kazi yake.

"Ila mwandiko safi," alisema. "Huyo shule alikwenda kusoma kweli."

Hilkka aliingia ndani akaukung'uta ukosi wake. Mwezi wa Januari gereji hii hujaa mpaka wateja wanagombana uani. Leo hapakuwa na hata pikipiki moja ya theluji. Oiva mwenyewe alikuwa amekonda kwa siku tatu tu, na ovaroli ilimning'inia mabegani.

Kijiji cha Peurakoski kilikuwa kimekwisha kumhukumu. Kijiji hiki hakina haja ya maabara wala mwendesha mashtaka. Kina duka moja, na mle dukani kesi husikilizwa na kukatwa kabla mkate wa asubuhi haujaisha. Na kwa mara hii, maabara na duka vilikuwa vimesema neno lile lile.

Taisto Hietala, mwenye miaka sitini na minne, aliondoka nyumbani kwake Jumapili saa kumi na moja alfajiri ili Jumatatu asubuhi awe mjini. Alikuwa na gari imara la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kwa sababu hiyo akaamua kukata njia ya msituni, ambako Jumapili hapiti mtu na simu haishiki. Baada ya kilomita sitini injini ilikufa. Dereva wa greda la theluji alimkuta Jumatatu mchana. Taisto alikuwa amekaa ndani ya gari, kajifunika mablanketi mawili, na mshumaa wake umeungua mpaka chini ya kopo. Hakutoka kutangatanga. Alifanya kila kitu ambacho watu wa huku hufundishwa tangu utotoni, na bado baridi ilimmaliza.

Maabara ilipima maji ya rejeta. Dawa ya kuzuia yasigande ilikuwa imepungua mno: yalikuwa yanaganda kwenye digrii kumi na moja. Huku wakati wa kipupwe hakuna anayejisumbua kusema "chini ya sifuri", inaeleweka. Usiku ule ilikuwa thelathini na sita.

Na aliyeliandaa gari lile kwa majira ya baridi alikuwa Oiva. Bosi wa Hilkka, Kamishna Lindroos, alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka Ijumaa saa sita mchana. Leo ilikuwa Alhamisi. Kosa lingeandikwa kuwa ni kusababisha kifo kwa uzembe, na kama wangepata harufu ya makusudi, Oiva angezeekea jela.

"Niambie tena, Fundi. Ulifanya nini kwenye gari lile?"

"Nimeshakwambia mara tatu."

"Basi hii ya nne. Mimi mzito wa kuelewa."

Oiva akakunja vidole kimoja kimoja. Alifunga matairi ya misumari. Alitia betri mpya, maana ile ya zamani ilikuwa inaishi kwa huruma. Alibadili oili akaweka nyepesi. Alipaka mafuta vitasa na mipira ya milango ili isigandane. Alikagua hita ya injini, ile inayochomekwa kwenye nguzo ya umeme uani ili asubuhi gari liamke likiwa na uhai. Alihakikisha koleo la theluji, mablanketi na mshumaa vimo nyuma.

"Na dawa ya rejeta?"

"Niliipima mbele ya macho yake. Arobaini na moja. Nikaandika kwenye kadi, nikaifunga shingoni mwa rejeta. Taisto alichungulia kipimo mwenyewe. Mtu yule hata saa ukimtajia, lazima aangalie ya kwake."

"Mlikuwa na ugomvi."

"Tulikuwa nao. Vuli alinifukuza kwenye kundi la wawindaji, mbele za watu."

"Ukamchukia."

"Nilimchukia." Oiva alimtazama usoni. "Lakini hayo ni yangu na yeye. Gari ni kazi. Mimi siwezi kuharibu kazi kwa sababu ya chuki, Inspekta. Ningekuwa naweza, nusu ya kijiji hiki kingetembea kwa miguu."

Hilkka alimwamini, na hilo lilimsumbua, kwa sababu imani haipelekwi kwa mwendesha mashtaka. Alimwambia avae koti.

Gari lilikuwa limekokotwa mpaka kituo cha zimamoto, ambako kuna joto, na barafu yake ilikuwa imeyeyuka kwa siku mbili. Kumleta mtuhumiwa karibu na kielelezo hakukuwa katika utaratibu wowote, na Hilkka alilijua hilo. Kwa hiyo alimwita zimamoto wa zamu awe shahidi, akamwagiza Oiva atie mikono mifukoni na asiitoe hata pua ikimwasha. Angeelekeza kwa mdomo. Kufungua angefungua yeye Hilkka.

Watu wa maabara walikuwa wamechota kichupa kimoja tu juu, kwenye tangi dogo. Hilkka alitaka kuona kilichobaki chini. Alichukua karatasi za kuchujia kahawa jikoni kwa zimamoto, akatandika ya kwanza ndani ya chujio, zingine za kubadilishia kando, akaliweka chujio juu ya beseni.

"Kahawa ya namna hiyo hata Lindroos hatainywa," alisema Oiva.

"Bomba la kutolea maji liko wapi?"

"Kulia, chini kabisa. Geuza kwa vidole, usitumie koleo. Taratibu."

Maji yalitoka ya kijani iliyopauka. Fundi hana haja ya kipimo kujua dawa iliyozimuliwa, na maji yale yalikuwa yamezimuliwa mpaka aibu. Yalichuruzika kwa dakika kumi. Kwenye karatasi ya kwanza palibaki vumbi la kutu. Kwenye ya pili pia. Kwenye ya tatu palibaki kutu, na katikati yake kipande cha kitu chembamba, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, chenye meno pembeni.

Hilkka alikiinua kwa kibanio. Lilikuwa jani.

"Naruhusiwa kunusa?" aliuliza Oiva.

"Nusa. Usiguse."

Oiva aliinama na mikono yake mifukoni. "Mbetula," alisema.

"Majani ya vuli huingia popote."

"Ya vuli huwa ya njano. Hili lilichumwa katikati ya kiangazi likiwa bichi, likakaushwa. Kijiji kizima hujichapa nalo mgongoni, Inspekta, kila Jumamosi."

Zimamoto wa zamu aliacha kuandika. Wote watatu walikuwa wamelitambua wakati mmoja. Kila kaya hufunga mafungu ya matawi ya mbetula, mti wa magome meupe, wakati wa kiangazi ili kipupwe wajichapie saunani, kibanda cha kuogea kwa mvuke, na kila fungu likichovywa kwenye pipa la maji moto huacha majani. Maji haya hayakutoka kwenye bomba la gereji. Yalichotwa saunani. Kwenye baridi ya thelathini na sita hakuna bomba la nje linalotoa tone, na maji ya moto yaliyo tayari uani kwa mtu, bila kuulizwa yanakwenda wapi, ni yale ya sauna ya Jumamosi. Oiva hana sauna. Analala juu ya gereji na huoga kwenye bwawa la kuogelea la wilaya, jambo ambalo kijiji kimemcheka kwa miaka ishirini.

"Lakini sielewi kitu kimoja," alisema Hilkka. "Kama ni maji, gari liliwakaje? Lilifikaje kilomita sitini?"

Oiva alieleza kwamba hita ndiyo iliyodanganya. Ilipasha moto tumbo la injini, kwa hiyo injini ikawaka vizuri. Lakini rejeta iko mbele, inakula upepo, na maji yake yaliganda. Injini ikazidi kuchemka huku pua yake imeziba kwa barafu, mpaka ikajikaza ikafa. Isingekuwa hita, gari lisingetoka uani kwao.

Hilkka alipiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa mzee mmoja aliyevua samaki na Taisto Ijumaa. Mzee alisema walikaa juu ya barafu ya ziwa tangu asubuhi mpaka giza, kwenye ishirini na tisa, gari limesimama pale pale bila umeme wowote. Jioni lilinung'unika kidogo, likawaka, likawarudisha wanaume wanne nyumbani. Maji yanayoganda kwenye kumi na moja yangekuwa jiwe kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo Ijumaa dawa ya Oiva ilikuwa nzima, na mtu aliitoa baadaye.

Simu ya pili ilikuwa kwa Lindroos. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwa hilo Hilkka alimshukuru.

"Jani si mtu, Hilkka," alisema. "Niletee mtu. Una mpaka kesho saa sita."

Nyumba za kina Hietala ni mbili, zimetazamana uani, na sauna iko kati yao kwenye mteremko wa ziwa. Kubwa ilikuwa ya Taisto na mkewe Maire. Ndogo ni ya Urho, mdogo wake Taisto, mwanamume wa miaka hamsini na tisa ambaye hakuoa. Hilkka aliegesha gari kando ya nguzo ya umeme. Pembeni palikuwa na kibanda cha mbwa, na mnyororo umelala juu ya theluji bila mbwa.

Maire alimpa kahawa kabla ya swali lolote. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kwenda huku na huku jikoni kwake, na alizungumza kwa utulivu uliomtia Hilkka uchungu. Alisema Urho amekuwa nguzo yake. Kuni analeta yeye, theluji anasukuma yeye, hata simu za watu wa mazishi amezipokea yeye.

Hilkka alimwomba amweleze Jumamosi jioni. Maire alisema ilikuwa kama Jumamosi zote. Wanaume waliingia saunani kwanza. Taisto alitoka mapema akaenda kulala, maana safari ilikuwa ya alfajiri. Urho alibaki kusafisha viti. Yeye Maire aliingia wa mwisho, kwenye saa tatu na nusu, akakuta pipa la maji moto limekaushwa.

"Limekaushwa kabisa?"

"Nilikwangua mpaka chini. Nikaoga maji ya ziwani, meno yanagongana. Nikawalaani wote wawili kimoyomoyo." Alishika ukingo wa meza. "Sikujua kwamba ni Jumamosi ya mwisho kumlaani."

Hilkka alitazama dirishani, kwenye mnyororo uliolala uani. Kisha akauliza mbwa yuko wapi.

"Halli? Naye amekufa. Jumapili asubuhi alianza kuyumba kama mlevi, anaanguka, anainuka, jioni hajiwezi tena. Jumatatu kabla ya kupambazuka akawa amekwisha. Urho amemfunika turubai nyuma ya banda la kuni. Ardhi haichimbiki mpaka Mei." Maire alitikisa kichwa. "Msiba juu ya msiba. Ngoja nikuletee mkate, kahawa tupu haifai."

Alitoka kwenda stoo. Hilkka alikiweka kikombe chini. Yeyote aliyewahi kufuga mbwa upande huu anajua kwamba dawa ya rejeta ni tamu, na kwamba mbwa akiilamba huanza kwa kuyumba, kisha figo zinakufa. Ndiyo maana mafundi huifunika ndoo yake kwa jiwe. Aliona jambo zima limejipanga mbele yake, na hakufurahi hata kidogo.

Urho aliingia na kuni kifuani, theluji imemjaa kwenye nyusi.

"Kaa, Urho."

"Nimesimama tu, Inspekta. Kuna kuni zingine."

"Zitangoja. Nataka kumchukua Halli leo. Daktari wa mifugo atamfungua figo. Unajua atakuta nini."

Urho hakuzitua kuni. Alizikumbatia zaidi. Ghafla machozi yakamtoka kama mtoto.

"Alifukua," alisema. "Niliimwaga nyuma ya banda nikaifukia kwa theluji. Nilidhani nimeifukia vizuri. Miaka kumi na moja nilikuwa naye yule mbwa."

Hilkka alikasirika kwamba machozi yamekuja kwa mbwa kwanza. Lakini sauti yake aliishika.

"Ulitoa dawa, ukajaza maji ya sauna."

"Lita sita."

"Ukijua kaka yako anasafiri."

"Kwa sababu anasafiri." Urho alijifuta pua kwa bega. "Mnunuzi wa ardhi yetu alikuwa amempa mpaka Jumatatu saa sita aweke sahihi. Msitu, ufuko, sauna aliyoijenga baba, vyote. Fungu lake kubwa, mimi langu dogo, kwa hiyo sahihi yangu ilikuwa pambo. Mimi ningehamishiwa ghorofani mjini nikatazame ukuta. Nilitaka achelewe. Siku moja tu, Inspekta. Nilijua gari litaganda hapa hapa uani, rejeta itapasuka, atanitukana, tutalikokota kwa Oiva. Basi."

"Oiva anayekwenda jela kesho."

"Hilo silo nililopanga. Watu walianza kusema Oiva, nami nikanyamaza."

"Gari halikuganda uani."

"Nilichomoa waya wa hita!" Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Taisto aliuchomeka kabla ya kuoga. Mimi nikishamaliza kutia maji nikauchomoa, nikautupa kwenye theluji. Bila umeme, kwenye baridi ile, injini isingegeuka hata nusu. Nikaenda kulala. Saa kumi na moja nikaisikia inawaka."

"Ukafanya nini?"

Urho aliziinua kuni juu kidogo kifuani.

"Uliisikia inawaka. Unajua kilichomo ndani yake. Ukafanya nini, Urho?"

"Nilijifunika blanketi." Alisema polepole. "Nilijiambia itachemka kabla ya kufika kanisani. Pale pana nyumba, simu inashika. Sikujua kwamba atapita msituni. Jioni nikajiambia amefika."

"Na simu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

Hilkka aliandika. Aliandika kila neno kama lilivyosemwa. Oiva alikuwa amepona. Hilo lilipaswa kumpa nafuu, na lilimpa kidogo tu.

"Lakini nieleze wewe, Inspekta," alisema Urho, na sasa alikuwa anaomba. "Waya niliuchomoa kwa mkono wangu huu, naapa. Ungebaki pale ulipokuwa, kaka yangu angekuwa hai, ananigombeza mpaka leo. Nani aliuchomeka tena?"

Ubao wa sakafu ulilia. Maire alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo, na mkate uliofungwa kwa kitambaa mikononi. Hilkka hakujua amesimama pale tangu lini. Alipouona uso wake alijua kwamba ni tangu mwanzo.

"Ni mimi, shemeji," alisema Maire.

Urho alikaa juu ya sanduku la kuni, na kuni zikamponyoka zote.

"Nilikuwa natoka saunani," Maire aliendelea, akimtazama Hilkka wala si Urho. "Nikaona waya umelala kwenye theluji. Nikadhani Taisto amesahau. Tulikuwa tumekosana juu ya kuuza ufuko, hatujasemeshana tangu Alhamisi. Nikaona kusema siwezi, ila angalau alikute gari lake lina moto. Nikaipangusa plagi kwa taulo langu, nikachomeka, nikaacha iwake usiku kucha."

Alikwenda mezani, akaufungua mkate, akachukua kisu. Alikata kipande kimoja, akakitazama, akakirudisha pale alipokikata.

"Liandike na hilo, Inspekta."

"Mama Maire, hilo si kosa."

"Sikuuliza kama ni kosa. Nimesema liandike."

Hilkka aligeuza ukurasa. Aliandika: Jumamosi, saa nne usiku, mke wa marehemu alichomeka waya.